Utambi Usimame Katikati

Ndugu msomaji, je, unalikumbuka giza la Unguja? Mwezi Mei mwaka 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima. Ulirudi mwezi Juni. Mwezi Desemba mwaka 2009 ulikatika tena. Safari hii tulikaa gizani mpaka Machi 2010. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari. Mwaka 2013 waya mpya, mkubwa zaidi, ulianza kazi. Hata hivyo umeme bado hukatika mara moja moja, na nyumba nyingi huweka mshumaa karibu.

Wakati wa giza lile mimi nilikuwa bibi shamba katika Wilaya ya Kati. Kazi yangu ilikuwa mihogo, migomba na mizinga ya nyuki. Kina mama wafuga nyuki walikamua asali, kisha nta wakaitupa. Nikawaambia, nta hiyo ni taa. Tukaanza kutengeneza mishumaa ndani ya gilasi. Mshumaa wa gilasi haudondoshi nta mezani, na upepo hauuzimi upesi. Watu waliinunua sana.

Siku moja alfajiri mama mmoja alinigongea mlango. Hata chai hajanywa.

"Bibi shamba, ule mshumaa wako umenipasukia usiku," alinambia.

Gilasi ilipasuka, nta ya moto ikamwagika juu ya mkeka, na mkeka ukashika moto. Bahati alikuwa macho. Aliuzima kwa mchanga. Watoto wake watatu walikuwa wamelala palepale.

Nilimwomba anionyeshe vipande vya gilasi. Upande mmoja ulikuwa mweusi kwa masizi. Upande wa pili ulikuwa safi. Hapo nikajua kosa ni langu. Utambi ulikuwa umeinama ukaegemea gilasi.

Kwa nini utambi huinama? Mshumaa ukiwaka, nta iliyo karibu na moto huyeyuka kwanza. Utambi huifyonza, na ndiyo inayowaka. Nta ikiwa nyingi, ile iliyoganda chini huushika utambi usimame. Lakini mshumaa ukikaribia kwisha, nta yote iliyobaki huwa maji. Utambi usioshikwa na kitu chini huelea, kisha huanguka kando. Moto hugusa gilasi mahali pamoja. Mahali hapo hupata joto kali, penginepo hupoa, na gilasi hupasuka.

Katika vyumba vya Mji Mkongwe jambo hili ni baya zaidi. Nyumba ni za mawe na chokaa, lakini dari hushikwa na boriti. Vichochoro vingi ni vyembamba, gari la zimamoto haliingii.

Basi tuutengeneze utambi vizuri. Tumia uzi wa pamba tupu. Usitumie nailoni, kwa sababu huyeyuka badala ya kufyonza nta. Suka nyuzi tatu kama unavyosuka nywele. Uchovye utambi katika nta iliyoyeyuka, uutoe, uunyooshe, uuache ukauke. Sasa utakuwa mkakamavu kama kijiti. Utambi mlegevu haunyooki ndani ya gilasi hata ukiubembeleza.

Halafu tafuta kopo tupu. Kata kipande cha bati cha duara, upana wake kama sarafu ya shilingi 100. Kitoboe katikati kwa msumari mdogo. Kingo za tundu zitainuka upande wa pili kama shingo fupi. Usizipige nyundo! Shingo hiyo ndiyo kazi yenyewe. Pitisha utambi ndani yake, kisha ibane kwa koleo mpaka utambi usichomoke. Mkia wa utambi uliobaki chini ukate kabisa. Sisi mwanzo tulifunga fundo chini ya bati. Fundo lilifanya bati litikisike, na utambi ukaenda upande.

Sasa bati hilo ligandishwe chini ya gilasi. Hapa ndipo nilipokosea mwaka ule. Niliwafundisha kina mama kugandisha bati kwa tone la nta. Ni rahisi, na ukilivuta haling'oki. Lakini fikiri, ndugu msomaji. Mshumaa ukikaribia kwisha, chini ya gilasi hupata moto. Tone lile nalo huyeyuka. Bati huteleza na utambi wake. Tulikuwa tumefunga mlango kwa ufunguo wa barafu. Siku hizi tunatumia gundi ya silikoni, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Hiyo haiyeyuki kwa joto la mshumaa. Tia kidogo tu chini ya bati, bonyeza kwa kijiti, na acha siku nzima ikauke.

Lakini katikati ni wapi? Jicho hudanganya. Chukua karatasi, simamisha gilasi juu yake, chora duara kuizunguka. Kata duara hilo, likunje mara mbili, ulikunjue. Mikunjo inapokutana ndipo katikati. Weka karatasi chini ya gilasi na uangalie kutoka juu. Utaona pa kuweka bati.

Juu nako utambi ushikwe. Chukua njiti mbili za chelewa, zile za fagio, zirefu kuliko mdomo wa gilasi. Zilaze juu ya mdomo, utambi upite kati yake. Funga ncha zake kwa uzi ili zibane. Vuta utambi taratibu unyooke.

Yeyusha nta ndani ya kopo lililowekwa katika sufuria ya maji ya moto. Usiiweke nta juu ya moto moja kwa moja, na usiondoke jikoni. Nta ikishika moto, ifunike kwa sinia au imwagie mchanga. Usimwage maji kamwe, kwa sababu moto utaruka.

Pasha gilasi joto kidogo kwa kitambaa cha moto. Mimina nta polepole kando ya gilasi, si juu ya utambi. Mimina kwanza kina cha kidole kimoja, ngoja igande. Sasa chini pameshikika. Angalia tena utambi kabla ya kumimina iliyobaki. Nta ikipoa hunywea, na shimo hutokea kando ya utambi. Lijaze kwa nta kidogo. Njiti usiziondoe mpaka kesho yake.

Wengine huchanganya mafuta ya nazi ili nta iwe laini. Si vibaya, lakini usizidishe kipimo kimoja cha mafuta kwa vinne vya nta. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na kwetu joto hilo tunalo hata usiku. Ukizidisha, mshumaa hulegea kwa jua tu, na utambi hulala kabla hujauwasha.

Siku hizi wageni hupenda mishumaa ya kifuu cha nazi. Ni biashara nzuri, lakini kumbuka kwamba kifuu ni kuni. Gilasi itapasuka, kifuu kitawaka. Tumia nusu isiyo na macho, maana macho huvuja. Chini ya kifuu ni mviringo, kwa hiyo likunje bati kidogo lifuate umbo lake. Kikalishe kifuu juu ya pete ya udongo kisiyumbe.

Kabla ya kumimina ishirini, washa mmoja uujaribu. Kata utambi ubaki robo inchi. Baada ya saa mbili angalia nta iliyoyeyuka. Ikiwa imefika mbali sawa pande zote, utambi wako uko katikati. Ikiwa upande mmoja umegusa gilasi na mwingine bado mgumu, huo usiuuze. Uyeyushe, uanze upya. Na mwambie mnunuzi auzime nta inapobaki nusu inchi chini.

Mama yule nilimlipa mkeka. Bado anafuga nyuki, na nta yake haitupi.