Mvumo katika Spika: Chanzo Chake na Hatari ya Kuunyamazisha Vibaya

Usiku unapotulia katika mtaa wa Magomeni, mjini Mtwara, mwenye redio kubwa nyumbani hutambua jambo ambalo mchana lilifunikwa na kelele: spika zake hazinyamazi. Muziki umezimwa, wala hakuna anayezungumza katika televisheni, lakini mvumo mzito unaendelea, haupandi wala haushuki, kama nyuki aliyefungiwa mtungini. Malalamiko ya namna hii yamezidi tangu sabufa zilipoenea majumbani, wala si ajabu. Spika ndogo za redio za zamani hazikuweza kutoa sauti nzito kiasi hicho. Sabufa imeundwa kwa kazi hiyohiyo.

Wengi humlaumu muuzaji. Wapo pia mafundi wanaoujua ufumbuzi wa haraka, nao ni kukata waya wa ardhi ndani ya plagi. Mara nyingi mvumo hukoma papo hapo, mteja akafurahi na fundi akalipwa. Ufumbuzi huo unaweza kuua mtu, na sababu yake haieleweki vema mpaka chanzo cha mvumo kieleweke kwanza.

Umeme unaoingia majumbani Tanzania ni mkondo geu wa volti 230, unaokamilisha mizunguko 50 katika kila sekunde. Kikuza sauti, ambacho wengi hukiita amplifaya, hakiwezi kuutumia hivyo ulivyo. Transfoma hupunguza volti, diodi hugeuza nusu moja ya kila mzunguko ili mkondo wote uelekee upande mmoja, kisha kapasita kubwa husawazisha mawimbi yaliyosalia. Kwa kuwa kila mzunguko una nusu mbili, mawimbi yanayotoka kwenye diodi ni 100 kwa sekunde, si 50. Tofauti hii ni ufunguo wa uchunguzi wote. Mvumo wa 100 huelekeza kidole kwenye sehemu ya kugeuza na kusawazisha umeme ndani ya kikuza sauti. Mvumo wa 50 kwa kawaida umeingia kutoka nje.

Sikio linaweza kuzitofautisha sauti hizo bila chombo cha maabara. Waya mnene kuliko wote wa gita, ukibanwa kwenye chuma cha tatu, hutoa sauti ya mitetemo 98 kwa sekunde, ambayo inakaribiana sana na ile ya 100. Mvumo wa 50 uko oktava moja chini yake. Mwalimu mwenye gita darasani anaweza kulifanya jambo hili kuwa somo la dakika kumi.

Hatua ya kwanza, hata hivyo, ni rahisi zaidi: kitufe cha sauti kipunguzwe hadi mwisho. Mvumo ukibaki vilevile, hitilafu iko baada ya kitufe hicho, na aghalabu ni kapasita. Ukipungua pamoja na sauti, basi unaingia kwa njia ileile unayoingia muziki. Inafaa pia kusogeza sikio karibu na kasha lenyewe, maana pengine kinachovuma ni chuma cha transfoma kinachotetemeka, na spika hazina kosa lolote.

Kapasita za kusawazisha huwa na kimiminika ndani, nacho hukauka polepole kwa joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu hivi. Kikuza sauti kilichosongwa kabatini, kikafunikwa kitambaa cha kufumwa, katika joto la pwani ya kusini, hakiwezi kudumu kama kile kilichowekwa mahali penye hewa. Madhara yake yanaweza kukadiriwa. Kapasita ya maikrofaradi 4,700, chombo kikitumia amperi 1, huacha mawimbi ya volti 2 hivi. Uwezo wake ukishuka hadi robo, mawimbi hayo hufikia karibu volti 8.5, na hakuna spika itakayoyaficha. Kapasita iliyochoka mara nyingi hujulikana kwa kuvimba kichwa. Kuibadilisha ni kazi ya fundi, kwa sababu huhifadhi chaji hata plagi ikiisha kuchomolewa.

Mvumo unaoingia na muziki huanzia kwenye waya. Ncha ya waya wa kuingiza sauti ikiguswa kwa kidole, spika huunguruma, kwa kuwa mwili wa binadamu hunasa umeme wa nyaya zilizomo ukutani. Ndiyo maana waya wa sauti huzungushiwa wavu wa shaba, ili uikinge ncha ya katikati kama ukuta. Hewa ya bahari yenye chumvi hula viungo vya wavu huo na kuacha kutu ya kijani, na kinga ikikatika mvumo huwa mkubwa kwa ghafla. Kusafisha viungo, au kununua waya mpya, hutosha.

Hitilafu inayowasumbua mafundi wengi ni kitanzi cha ardhi. Chukuliwa mfano wa nyumba ambayo kikuza sauti chake kina plagi ya miguu mitatu, hivyo kasha lake limeunganishwa na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini karibu na ukuta. Kikuza sauti hicho hupokea sauti kutoka kwenye kingamuzi, nacho kingamuzi kimeunganishwa na dishi lililofungwa juu ya bomba la chuma uani, na bomba hilo limechimbiwa mchangani. Mwenye nyumba hajui, lakini ana ardhi mbili. Vyombo vyake vyote huvujisha umeme kidogo kwenye fimbo, na kwa hiyo fimbo na bomba haviko katika volti moja. Tofauti ikiwa volti 1, na ukinzani wa mchanga kati yake ukiwa omu 50, miliamperi 20 zitapita katika wavu wa waya wa sauti. Wavu wenye ukinzani wa omu 0.1 utapata milivolti 2 za mvumo. Muziki wenyewe unaweza kuwa milivolti 200 tu. Sehemu moja katika mia si kitu wakati ngoma inapolia, lakini katika ukimya husikika chumba kizima. Ushahidi ni rahisi kuupata: umeme wote ukiisha kuzimwa, waya wa dishi uchomolewe kwenye kingamuzi, kisha vyombo viwashwe tena. Mvumo ukitoweka, kitanzi kimepatikana.

Hapa ndipo mkasi wa fundi mwenye haraka huingia. Akikata waya wa ardhi, kitanzi hukatika kweli. Lakini siku transfoma itakapoungua na waya wenye umeme kugusa kasha, ardhi pekee iliyobaki ni ule wavu mwembamba, kingamuzi na bomba la uani, bomba ambalo huenda limefungiwa kamba ya kuanikia nguo. Katika mchanga wa omu 50, volti 230 hupitisha amperi 4.6 tu. Fyuzi ya amperi 13 haitakatika, na bomba litabaki na umeme. Waya wa dishi nao ukiwa umechomolewa, kasha litabaki na volti 230 kamili, likimngoja mtu. Mwili uliolowa jasho una ukinzani wa omu 1,000 hivi: miliamperi 230 zitapita kifuani, ilhali hatari ya kifo huanzia karibu na 30.

Hesabu hiyohiyo yaonyesha kwamba katika ardhi ya mchanga, hasa miezi ya kiangazi ambapo mchanga hukauka, hata waya wa ardhi usiokatwa hautoshi peke yake. Nyumba huhitaji pia swichi ile inayokata umeme mara igunduapo kuvuja kwa miliamperi 30.

Kitanzi chaweza kukatwa pasipo kuigusa ardhi. Bomba la dishi laweza kuunganishwa na fimbo ya nyumba kwa waya mnene wa shaba, ili volti zake zilingane. Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Transfoma ndogo ya sauti yaweza kuwekwa katikati ya waya wa kuingiza, nayo hupitisha muziki kwa sumaku bila shaba kugusana. Na televisheni zenye tundu la kutolea sauti kwa nuru hazihitaji hata hiyo, maana uzi wa plastiki haupitishi umeme wa aina yoyote, wa 50 wala wa 100.