Mzee Asinyang'anywe Shamba Lake

Ndugu mkulima, mara nyingi katika kurasa hizi husoma habari za mbegu, mbolea na maziwa. Mwezi huu twataka utazame jambo jingine lililo ndani ya boma lako, nalo ni mzee aliyelifyeka shamba hilo lilipokuwa msitu. Pengine ni baba yako, pengine ni mama au nyanya.

Watu wengi wakisikia habari ya kutunza wazee hufikiri chakula, blanketi na dawa. Hayo ni ya lazima, nasi tutayataja. Lakini mzee wa shambani hulindwa kwanza na shamba lenyewe. Akiwa na shamba, ana maziwa yake, ana kuni zake, ana neno lake barazani, na watoto huja kumsalimu. Siku hati itokapo mkononi mwake bila mpango mwema, ndipo uji wake unapoanza kuchelewa.

Tangu mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na tena katika maskimu ya makazi yaliyoanza miaka ya 1960, wakulima wengi wa Kenya wamepewa hati kwa majina yao. Kabla ya hapo shamba lilikuwa chini ya ukoo, na wazee wa ukoo ndio waliozuia kijana asiuze ardhi iliyo chini ya miguu ya babake. Hati ilileta faida nyingi, mkopo ukiwa mmoja wapo. Lakini pia ilimpa mtu mmoja nguvu ya kuuza kwa sahihi moja, na wazee wa ukoo wasijue mpaka matrekta ya mnunuzi yamefika.

Hebu tutazame jinsi mambo yaendavyo. Tuseme mzee ana eka 4: eka 1 ya chai, eka 1 ya nepia kwa ng'ombe wawili, na zilizobaki ni za mahindi, maharagwe na boma. Wanawe watatu wamekua nao wamwambia, "Baba, tugawie sasa kila mtu ajue chake, tusije tukagombana baadaye." Neno hilo lina akili ndani yake. Mzee anakubali, shamba linapimwa, na kila mwana anapata hati yake. Binti wawili hawatajwi. Mzee na mama wanabaki katika nyumba yao, ambayo sasa imo katika sehemu ya kitinda mimba. Mwaka wa kwanza wote wanakula pamoja. Mwaka wa tatu kitinda mimba anaweka hati yake rehani apate fedha za gari la matatu, gari linakufa, na mwenye mkopo anaiuza ardhi. Mnunuzi amelipa fedha zake kwa haki, naye anataka kiwanja kitupu. Hapo wazee wawili, ambao hawakukopa hata senti moja, wanaambiwa wahame.

Katika mambo hayo hakuna mtoto aliyekusudia kumdhulumu babake. Ndiyo sababu twalisema mapema.

Mila za makabila mengi yetu zilikuwa na dawa ya jambo hili. Baba alimwonyesha kila mwana mahali pa kulima na kujenga, lakini ardhi ilibaki mkononi mwa baba mpaka kufa kwake. Hata leo waweza kufanya hivyo. Watoto waonyeshwe sehemu zao, mipaka ipandwe miti mbele ya majirani, maneno yaandikwe na yatiwe sahihi, nayo hati ibaki kwa mzee. Twajua vijana watasema kwamba bila hati hawapati mkopo wala hawana moyo wa kupanda kahawa au parachichi katika ardhi isiyo yao. Hilo ni kweli, wala si ukaidi. Basi, mzee akitaka kugawa akiwa hai, na agawe sehemu, lakini asigawe yote. Aanze kwa kukata sehemu yake mwenyewe: nyumba, kisima, mahali pa ng'ombe, na ardhi ya kutosha kulisha watu wawili. Sehemu hiyo iandikwe kwa jina la mzee na mkewe pamoja.

Hapa kuna jambo dogo la kalamu lenye maana kubwa. Mume na mke waweza kuandikwa kwa namna mbili. Namna moja ni ya mafungu, kila mmoja ana fungu lake, naye akifa fungu hilo huenda kwa warithi wake. Namna ya pili ni umiliki wa pamoja usiogawanyika, na hapo mmoja akifa ardhi yote hubaki kwa yule aliye hai. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 huruhusu namna hii ya pili baina ya mume na mke. Mama aliyeandikwa hivyo hana haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kukaa nyumbani mwake. Mwambie karani wa ardhi au wakili waziwazi ni namna ipi mnayotaka. Usimwachie achague yeye.

Tena, kuna Bodi ya Usimamizi wa Ardhi. Wengi huiona kama usumbufu wa bure, lakini ni ukuta mzuri kwa wazee. Kwa Sheria ya mwaka 1967, ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la bodi haiuzwi, haigawanywi wala haiwekwi rehani kihalali bila idhini yake, na ombi hupelekwa katika miezi 6 tangu kupatana. Kwa desturi wajumbe huuliza: Mama yuko wapi? Watoto wanasemaje? Kama mzee wenu ameitwa mbele ya bodi, nendeni naye, hata kama ni siku ya kuchuma chai. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mume au mke wa ndoa ya mke mmoja kuuza au kuweka rehani mali ya ndoa bila mwenziwe kukubali.

Mzee asiyeona vizuri asitie kidole gumba kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti, katika lugha yake, na mtu asiye na faida katika shauri hilo. Wala kitambulisho na hati visiwekwe kwa mtoto mmoja "kwa usalama". Mahali pa hati ni kwa mwenyewe, au benki, na nakala kwa watoto wote.

Sasa tuje kwenye mapato. Mzee akishindwa kuchuma chai au kukama, watoto humchukulia kazi, na mara nyingi huchukua na malipo. Namba ya chai kiwandani ibaki yake, na fedha za maziwa ziingie katika akaunti yake katika chama cha ushirika. Anayechuma alipwe ujira kama mfanyakazi mwingine yeyote. Kinachobaki ni cha mzee. Vyama vingi vya ushirika humwuliza mwanachama aandike jina la atakayepewa hisa zake akifa. Angalieni jina hilo ni la nani. Huenda ni la ndugu aliyefariki miaka ishirini iliyopita.

Kuna pia fedha za Inua Jamii, ambazo serikali huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, Sh2,000 kwa mwezi. Mzee huandikishwa kwa kitambulisho chake, na uandikishaji hufanywa kwa vipindi, kwa hiyo muulizeni naibu wa chifu kila mara. Mzee aweza kumchagua mtu wa kumsaidia kuzipokea. Mtu huyo ni mtumishi wake. Akizipokea na kuzinywa, ni wizi kama wizi mwingine, naye chifu au afisa wa ustawi wa jamii yapasa aambiwe. Kadhalika bima ya afya: tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, na wazazi huandikishwa kama nyumba yao wenyewe, si chini ya jina la mtoto. Kima cha chini cha mchango ni Sh300 kwa mwezi. Watoto watano wakichanga Sh60 kila mmoja, shauri limekwisha.

Lakini fedha hazimwogeshi mzee. Katika maboma mengi kazi hiyo humwangukia binti aliyerudi nyumbani, au mke wa mwana aliyebaki shambani, huku wale wa mjini wakituma pesa kidogo Krismasi na maagizo mengi kwa simu. Yeye huamka usiku, hufua, hubeba maji, hakosi lawama. Kaeni kikao, andikeni nani atatoa nini, na mpeni mtunzaji siku zake za kupumzika na ujira wake. Binti huyo asiambiwe hana haki. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haibagui kati ya mtoto wa kiume na wa kike.

Katika boma lenyewe kuna hatari ambazo mkulima hazioni kwa kuwa amezizoea. Kubwa ni dawa za kunyunyizia mimea na za kuogeshea ng'ombe zilizotiwa katika chupa ya soda. Mzee mwenye mtoto wa jicho hawezi kusoma kibandiko, wala pua yake si kali kama zamani. Ataonja akidhani ni mafuta taa au ni kinywaji. Acheni dawa katika chupa yake ya dukani, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jikoni. Na mtoto wa jicho hupasuliwa. Mzee aliyekuwa akiongozwa kwa fimbo aweza kuona tena, basi msiseme ni uzee tu.

Njia ya kwenda chooni ni hatari ya pili. Mifupa ya wazee huvunjika upesi, na nyonga ikivunjika huenda asisimame tena. Chomekeni nguzo na mbao ya kushikia toka mlangoni hadi choo, wekeni changarawe palipo na utelezi, na kiti chenye tundu juu ya shimo kwa asiyeweza kuchuchumaa. Kazi hiyo ni ya siku moja kwa mtu mwenye nyundo. Ugali na chai havimtoshi asiye na meno. Apewe yai, maharagwe yaliyopondwa, omena, maziwa, na maji hata kama hasemi ana kiu. Wala asikatazwe kazi yote. Mpe kitalu cha miche au kuku wa kuangalia. Mzee aliyenyang'anywa jembe kwa huruma huzeeka mara mbili.

Kuna jambo zito zaidi. Katika sehemu za Kilifi na za Kisii wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na umati wa watu. Mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna eka fulani ambayo mtu anaitaka, au mama mjane asiye na mwana mkubwa wa kumsemea. Ukisikia mnong'ono wa namna hiyo juu ya mzee wenu, au wa jirani, usingoje uwe kelele. Mwende mkamlaze kwenu usiku huo huo, na chifu na polisi waambiwe. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 yafanya kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa tuhuma hiyo imepelekwa kwa mkubwa wa serikali. Na kwa mzee anayepigwa, kunyimwa chakula au kunyang'anywa fedha na watu wa nyumbani mwake, Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 humpa mahakama nguvu ya kutoa amri ya kumlinda. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali.

Mwisho ni mjane. Baba akifa bila wosia, Sheria ya Urithi humpa mke wake vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na kutumia mali iliyobaki maisha yake yote, watoto hungoja. Waislamu hufuata sheria yao mbele ya Kadhi, na kwa baadhi ya wilaya za wafugaji ardhi na mifugo hufuata mila. Mtu yeyote, hata kifungua mimba, akiuza au kukodisha ardhi ya marehemu kabla ya kupata idhini ya mahakama ametenda kosa, nalo adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Hayo yote huwa mepesi ikiwa mzee ameacha wosia. Wosia ulioandikwa huhitaji sahihi au alama yake na mashahidi wawili, nao wasiwe miongoni mwa wanaorithi. Wosia wa mdomo nao ni halali ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, lakini tu ikiwa msemaji amefariki katika muda wa miezi 3. Mzee aliyesema maneno yake akiwa mgonjwa mwezi wa Machi, akapona na kuvuna mahindi mwezi wa Agosti, hana wosia tena. Na aitwe mtu wa kuandika.