Sona ya Kutazama Mbele: Je, Yafaa Katika Boti za Matanga?



Katika miaka ya karibuni wenye boti za matanga zinazosafiri na watalii wamekuwa wakifunga mashine iitwayo sona ya kutazama mbele. Wanachama wanatuuliza mambo mawili. La kwanza, mashine hii inafaa kitu, au ni pambo la tajiri tu? La pili linatuhusu zaidi sisi wa chama: ikishafungwa, baharia anayesimama omo kutazama maji ataambiwa aende nyumbani? Tutayajibu yote mawili, lakini tutaanza na la kwanza, maana mfanyakazi asiyeijua mashine hawezi kubishana na tajiri juu ya mashine hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi

Wazee wetu walipima maji kwa bildi, yaani risasi iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Baadaye ikaja mashine ya kupima kina kwa sauti. Mashine hiyo hutoa mlio chini ya boti, mlio hugonga chini ya bahari na kurudi kama mwangwi. Katika maji ya chumvi sauti huenda mita 1,500 hivi kwa nukta moja, kwa hiyo mashine huhesabu muda na kupata kina. Bildi na mashine hii zina upungufu mmoja ulio sawa: zote zinakuambia maji yaliyo chini yako, mahali ulipokwisha kufika. Mwamba ukisimama kama ukuta, mashine itasoma mita 20, na papo hapo mkuku utagonga.

Sona ya kutazama mbele hutoa mlio huo kuelekea mbele, na mwangwi unaporudi huchora kwenye kioo sura ya chini ya bahari iliyo mbele ya omo. Hapo ndipo penye thamani yake, na hatuna sababu ya kuikataa kwa kuwa ni ngeni tu.

Inaona umbali gani?

Hapa ndipo wauzaji wanapopita haraka, nasi hatuna budi kusimama. Sona ndogo zinazofungwa katika boti za matanga haziangalii mbali kama rada. Umbali wake hufuata kina cha maji uliyomo. Kwa kawaida huona mara 4 ya kina hicho, na hali ikiwa nzuri sana hufika mara 8. Sababu yake ni kwamba katika maji machache mlio hugonga chini kwa upande upande, sehemu kubwa hutelezea mbele bila ya kurudi, na nyingine hugonga uso wa maji na kuchanganya picha.

Tupige hesabu. Boti imo katika maji ya mita 5. Sona itaona mita 20, na pengine 40. Boti ikienda maili 6 za baharini kwa saa, inakula mita 3 kwa kila nukta. Basi nahodha ana nukta 7 hadi 13 za kuona, kuamini, kuamua na kugeuza usukani. Boti ya tani 15 haisimami kwa nukta 7. Lakini akipunguza mwendo hadi maili 2 kwa saa, boti inakula mita 1 tu kwa kila nukta, naye anapata nukta 20 hadi 40. Huo ni muda wa kutosha kurudisha injini nyuma. Kwa maneno mengine, sona humsaidia nahodha anayekwenda polepole, na anayekwenda kasi haimfai kitu.

Yako mengine ya kujua. Mwamba mgumu uliosimama huonekana vizuri, lakini tope laini humeza mlio. Mapovu ya mawimbi yanayovunjika na ya rafadha huziba picha. Omo ikipanda na kushuka kwa mawimbi, picha nayo hupanda na kushuka. Nyavu na magogo yanayoelea juu juu huponyoka. Na kichwa cha sona kilicho nje ya boti kikiota magamba na majani ya bahari huona vibaya, kwa hiyo mtu lazima azame kukisafisha. Kazi hiyo nayo ni kazi, ihesabiwe.

Mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni wa bahari yetu. Tarehe 29 Novemba 2014 boti ya mashindano ya kuzunguka dunia, Vestas Wind, ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Morisi, usiku, ikienda maili 19 kwa saa. Watu 9 waliokuwamo waliokolewa wote. Miamba ile ilikuwamo katika ramani ya kompyuta, lakini ilionekana tu pale ramani ilipokuzwa vya kutosha, na haikukuzwa. Je, sona ingewaokoa? Kwa mwendo ule boti ilikuwa ikila karibu mita 10 kwa kila nukta. Hata sona ya kuona mita 100 ingewapa nukta 10 tu. Kilichohitajika ni ramani kusomwa sawasawa na wakati wa kuisoma. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 ulitaja makosa ya wanamaji, na pia ulitaja kasoro za ramani zenyewe. Hata hivyo, timu iliporudi mashindanoni Juni mwaka huo, mshika ramani hakurudi nayo. Ndugu, lizingatieni hilo: lawama zinapogawanywa, fungu kubwa humwangukia mtu.

Mfano wa pili ni Bassas da India, katika Mlango wa Msumbiji, ambako mabaharia wetu wa Komoro na Msumbiji hupita. Ni duara la miamba linalopanda kutoka kilindi cha maelfu ya mita. Kuanzia saa tatu kabla ya maji kujaa hadi saa tatu baada yake karibu lote limefunikwa, wala hakuna mnazi wa kukuonya. Boti inayolikaribia imo katika kilindi ambacho sona ndogo haioni chini yake, na ukuta unakuja ghafla. Mahali kama hapo dawa ni moja: ujue ulipo, na upite mbali.

Mfano wa tatu ni wa meli kubwa. Tarehe 7 Agosti 1992 Queen Elizabeth 2 iligonga mwamba usiokuwamo katika ramani, karibu na kisiwa cha Cuttyhunk, Massachusetts, Marekani. Ramani ilionyesha futi 39 za maji, lakini upimaji wake ulikuwa wa mwaka 1939. Tena meli iendayo kasi katika maji machache huvutwa chini zaidi kuliko ilivyo ikiwa imesimama. Rubani alikuwamo, mashine zilikuwamo, na bado iligonga. Ramani nyingi za maji ya pwani na visiwa vidogo bado zina vipimo vya bildi, na kati ya tone moja la bildi na jingine jiwe laweza kujificha. Ramani nyingine zilichorwa kabla ya setelaiti, na nafasi zake zimepishana na za setelaiti kwa mamia ya mita. Katika maji ya namna hiyo ndipo sona inapostahili bei yake.

Uamuzi wetu

Boti inayokaa katika mikondo inayojulikana na yenye maboya haina haja kubwa ya sona ya mbele. Fedha hizo zinunue kwanza ramani mpya, nanga ya pili na majaketi ya kuokolea yanayotosha watu wote. Boti inayoingia kila mara nyuma ya miamba isiyopimwa vizuri itafaidika nayo, kwa sharti iende polepole, maji yawe yanajaa ili ikipwelewa ielee tena, na mtu awe omo.

Na mtu huyo hawezi kuondolewa. Jua likiwa juu na nyuma yake, naye amevaa miwani ya kukata mng'aro wa maji, baharia aliyepanda mlingotini huona buluu ya kilindi, kijani cha maji ya kadiri, na rangi ya kahawia ya mwamba, mbali kuliko sona yoyote ndogo. Jua likimpiga usoni, au wingu likitanda, au maji yakiwa ya tope, basi sona humsaidia. Kila mmoja huona pale mwenzake asipoona.

Hili si ombi letu tu. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, kanuni ya 5, zinataka kila chombo kiwe wakati wote na mlinzi wa kutazama kwa macho na kwa masikio, pamoja na njia nyingine zote zilizopo. Mashine inaongezwa juu ya macho, haishiki mahali pake. Kanuni ya 6 inataka mwendo wa salama, na katika mambo ya kuupima inataja kiasi chombo kinavyozama kulingana na maji yaliyopo.

Kwa hiyo tajiri anapofunga sona, wanachama wadai haya:

1. Mafunzo ya kuitumia yatolewe kwa nahodha na mabaharia, ndani ya saa za kazi, kwa mshahara.

2. Idadi ya mabaharia isipunguzwe kwa sababu ya mashine.

3. Nahodha awe na haki ya kukataa kuingia kwenye miamba usiku au jua likiwa chini, hata kama wageni wana haraka, na asiadhibiwe kwa hilo.

4. Ubovu wa mashine uandikwe katika kitabu cha safari siku ile ile, na nakala ibaki kwa nahodha. Bila ya maandishi, chombo kikigonga kitasemwa kizima na mtu atasemwa mzembe.

5. Mapumziko yatimizwe. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, pale nchi inapohesabu saa za mapumziko, unaweka zisizopungua 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku 7. Mkataba huo umeacha nje vyombo vya jadi kama majahazi, lakini boti ya faiba inayokodishwa kuvuka bahari kuu haiwezi kujiita jahazi ili ikwepe.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mlinzi aliyelala saa tatu haoni mwamba uliomo majini, wala hauoni uliochorwa kwenye kioo mbele yake. Kabla ya kuzungumza na tajiri juu ya mashine, wanachama wa kila boti waandike saa walizolala katika safari yao iliyopita, na wamkabidhi mjumbe wa chama karatasi hiyo.