Seva moja, dakika 6 au saa 2: kujenga HPCC kutoka msimbo chanzo

Mwaka 2013 kompyuta kuu ya Ranger, ya Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, ilizimwa. Haikuishia jalalani yote. Baadhi ya makabati yake yalisafirishwa kuja Afrika: Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Sasa jiweke kwenye nafasi ya fundi anayepokea mzigo wa namna hiyo. Karatasi za mtengenezaji zinataja kasi fulani, lakini mashine imeshatumika miaka kama mitano na imevuka bahari. Utajuaje ulichopokea ni nini hasa?

Unaipima mwenyewe. Kifurushi kinachofaa kwa kazi hiyo kinaitwa HPCC, chenye majaribio saba. Maarufu kuliko yote ni HPL, yaani Linpack, ileile inayotumika kupanga orodha ya TOP500 tangu 1993. Unapewa msimbo chanzo na unaujenga mwenyewe. Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu namna unavyoujenga inaingia moja kwa moja kwenye alama utakayopata.

Ndani ya folda ya `hpl/setup` kuna mafaili mengi ya Make. Chagua linalokaribiana na mashine yako, linakili kwenye `hpl`, kisha lihariri. Unaliambia mambo matatu: MPI iko wapi (ndiyo inayowezesha seva kuzungumza zenyewe kwa zenyewe), maktaba ya BLAS iko wapi, na utumie kompaila ipi kwa maagizo gani. Ukimaliza, `make arch=` na jina la faili lako, basi.

Tatizo ni hilo la pili, BLAS. HPL hutatua mfumo mmoja mkubwa wa milinganyo, na karibu muda wake wote unaishia kwenye kuzidisha matrisi. Haizidishi yenyewe, inamwachia BLAS. Ukitumia BLAS ya mfano kutoka Netlib, jibu litakuwa sahihi, ila maktaba hiyo haijui chochote kuhusu prosesa yako. OpenBLAS, BLIS au MKL zimeandikwa kwa kufuata aina ya prosesa. Badala ya kwenda sokoni kwa kila kitunguu, zinajaza kapu mara moja: zinaleta kipande cha matrisi kwenye kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa na kukitumia mpaka kiishe hamu.

Tupige hesabu. Seva yenye kori 32 za 2.5 GHz, kila kori ikifanya hesabu 16 kwa mpigo mmoja, ina kilele cha hesabu bilioni 1,280 kwa sekunde. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 64. Matrisi ya N kwa N inakula baiti 8 × N², na desturi ni kutumia kama asilimia 80 ya kumbukumbu, kwa hiyo N inafika 80,000. Kazi yenyewe ni takriban ⅔N³, yaani hesabu trilioni 341. Ukipata bilioni 1,000 kwa sekunde, umemaliza chini ya dakika 6. BLAS ya mfano ikikupa, tuseme, bilioni 50, utakaa karibu saa 2. Chuma ni kilekile!

Vigezo hivi vinaandikwa kwenye `hpccinf.txt`. Faili la mfano linakuja na matrisi ndogo mno, kwa hiyo ukiliacha lilivyo utapima muda wa mawasiliano zaidi kuliko nguvu za prosesa. Ukizidisha N kupita kumbukumbu, mashine inaanza kuandika kwenye diski, na hapo ni kilio. NB ni ukubwa wa kipande, na hauna kanuni, unajaribu tu: 128, 192, 256. Ukichukua 192, shusha N hadi 79,872 igawanyike vizuri. P na Q ni mpangilio wa michakato, na bora ukaribie mraba, P isizidi Q. Kwa michakato 32, andika 4 × 8.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. OpenBLAS nayo hupenda kutumia kori zote. Ukiendesha michakato 32 ya MPI na kila mmoja ukafungua nyuzi 32, una nyuzi 1,024 zinazogombania kori 32. Weka `OMP_NUM_THREADS=1` kabla ya kuanza.

Maagizo ya kompaila kama `-O3 -march=native` hayasaidii HPL sana, maana kazi nzito iko kwenye BLAS. Lakini STREAM, inayopima kasi ya kusoma na kuandika kumbukumbu, ni msimbo wa HPCC wenyewe, na huko yanaonekana. Usiwe na pupa tu: faili la Make lina `CCNOOPT`, maagizo ya sehemu inayotafuta usahihi wa namba za mashine, na sehemu hiyo haitakiwi kuharakishwa. HPL hukagua jibu lake mwishoni, na kosa likifika 16.0 inaandika FAILED. Kasi bila jibu sahihi haihesabiwi.

Kwa nini majaribio saba, si HPL peke yake? Tazama Fugaku ya Japani: petaflopu 442 kwenye HPL, lakini kwenye HPCG, jaribio jingine linalosumbua zaidi kumbukumbu, ni 16 tu. Kama unanunua au unapokea mashine ya kutabiri hali ya hewa, kwa maoni yangu namba ya STREAM itakwambia mengi kuliko ya HPL. Fungua `hpccoutf.txt`, shuka hadi muhtasari ulio mwishoni, uanze na hiyo.