Picha ya Mteja Kwenye Tovuti Yako Inaweza Kukugharimu

Ukiuza mtandaoni, wateja wapya huuliza, "Nitajuaje wewe si tapeli?" Tunaona wafanyabiashara wengi wakijibu kwa kuweka kwenye tovuti picha za wateja, au picha za meseji za malipo. Lakini iangalie hiyo meseji vizuri: ina jina la mteja, pengine na nambari yake ya simu.

Hizo ni data zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila idhini. Shule moja nayo ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziruhusu.

Tunakushauri hivi:

- Omba ruhusa kwanza. Mweleze utaiweka wapi na kwa nini. Hifadhi jibu lake, kwani ukishtakiwa ni wewe utakayethibitisha kwamba alikubali.
- Kama ni mtoto, muulize mzazi au mlezi.
- Kwenye meseji ya malipo, funika jina, nambari ya simu na nambari ya muamala.
- Mteja akibadilisha nia, itoe. Ni haki yake wakati wowote.

Kuandika "hatuwajibiki" chini ya ukurasa hakutakuokoa. Leo kabla hujalala, pitia tovuti yako. Picha isiyo na ruhusa itoe kwanza, halafu ndio umpigie mwenyewe.