Mbwa na Paka wa New Orleans

Nataka kuwaelezeni habari ya mbwa na paka wa mji wa New Orleans, katika nchi ya Marekani. Labda mtu atasema, “Mbwa! Habari gani hiyo ya kuambiwa watu wazima?” Subirini kidogo, maana ndani yake mna habari ya watu vile vile.

Katika miji mingi ya Marekani ziko nyumba za kutunzia wanyama waliopotea au waliotupwa. Mnyama hulishwa, hutazamwa na mganga wa wanyama, kisha hungojewa mwenyewe. Asipotokea, hutafutiwa mtu mwingine wa kumchukua. Shida kubwa ni nafasi. Vizimba vikijaa, anayeletwa kesho hana pa kulala, na pengine wanyama huuawa.

Basi mwezi wa Agosti mwaka 2005, iliposikiwa kwamba tufani iliyoitwa Katrina inakuja, wenye nyumba ya New Orleans waliwapakia wanyama wao 263 katika magari, wakawapeleka Houston, mwendo wa maili 350 hivi, kwa wenzao waliokubali kuwapokea. Tarehe 29 tufani ikapiga, kuta za kuzuia maji zikabomoka, na sehemu kama nne katika tano za mji zikafunikwa. Nyumba ile ya wanyama ikaharibika. Wangalingoja, sijui ni wangapi wangalipona.

Wenyeji hawakuandaliwa vizuri hivyo. Mara nyingi magari ya kuwaokoa watu yalikataa wanyama, na wako waliokataa kupanda, wakabaki na mbwa wao majini. Magazeti yalieleza habari ya mtoto aliyenyang’anywa mbwa wake mdogo alipokuwa akipanda gari, akalia hata akatapika.

Baadaye waokoaji wakaja kutoka majimbo mengi, wakaingia mjini kwa mashua. Maelfu ya wanyama wakakusanywa katika mabanda ya maonyesho huko Gonzales, na mabanda nayo yakajaa. Hapo nyumba za mbali zikawapokea kwa makundi, wengine kwa magari, wengine kwa ndege. Picha zao zilitangazwa kwa intaneti ili wenyewe wawatambue. Lakini kazi ya kuandika, ambayo yaonekana ndogo, kwa maoni yangu ndiyo iliyopungua: wanyama walitawanyika upesi kuliko karatasi zao, na wengi hawakuonana tena na wenyewe. Wengine walikuwa wamekwisha pata bwana mpya, na mashauri yakapelekwa mahakamani.

Mwaka 2006 ikatungwa sheria ya kwamba mipango ya majimbo na miji ya kuwaokoa watu wakati wa maafa sharti iwafikirie wenye wanyama wa nyumbani pia. Na siku hizi, tufani ikitangazwa, nyumba nyingi za pwani huwahamisha kwanza wale wasio na mwenyewe kwenda bara, ili vizimba viwe wazi kwa watakaopotea. Hao wanaopotea ni afadhali wakae karibu, maana huenda mwenyewe yumo katika kambi ya jirani, anatafuta.