Jicho Lisilouma Lisitughafilishe

Jicho likituuma, twakimbilia hospitali. Lisipouma, twanunua miwani mipya na kuendelea na shughuli zetu. Kwa maradhi ya neva ya jicho, yaani ule mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo, mazoea haya yaweza kutupotosha.

Mwanamke wa miaka 30 huona ukungu katika jicho moja. Siku chache baadaye haoni vyema, na kila akiligeuza jicho, lauma. Leso nyekundu huiona imepauka. Hofu ya kwanza huwa ni uvimbe, lakini kwa umri huo dalili hizi mara nyingi hutokana na kinga ya mwili kuishambulia neva, na wengi huanza kuona afadhali baada ya wiki chache. Hata hivyo asingoje nyumbani; apimwe.

Hapa lugha yetu nayo hutatiza: "uvimbe" ni kufura, na pia ni nyama iliyoota. Daktari asemapo neva imevimba, tumwulize amekusudia lipi.

Uvimbe wa kuota aghalabu huja kimya. Kwa wanawake wa makamo, nuru hufifia kwa miezi, hata miaka, bila maumivu, na jicho huenda likasukumwa mbele. Kwa watoto, hasa walio chini ya miaka 10, tuangalie makengeza mapya, jicho lililotokeza au linalochezacheza. Mtoto akiwa na madoa 6 au zaidi ya rangi ya chai ya maziwa mwilini, daktari aelezwe, kwani huenda ni maradhi ya vinasaba yanayoandamana na uvimbe huu.

Si kila jicho lililotokeza lina uvimbe. Tezi ya thairoidi pia hulitokeza. Na kichwa kuuma pamoja na macho kuingia giza kwa sekunde chache tunapoinama au kuinuka, kwaweza kuwa shinikizo la maji ya ubongo, hasa kwa wanawake vijana walioongezeka uzito. Aliyepita miaka 50, akipoteza nuru ghafla huku taya likimuuma atafunapo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Anayetenganisha haya ni daktari wa macho, kwa kutazama nyuma ya jicho na, ikihitajika, kwa picha ya MRI yenye dawa ya kung'arisha. Tuulize iwapo picha itapigwa ya tundu la jicho pia, si ya ubongo peke yake.

Nyumbani, tufunike jicho moja kwa kiganja, tutazame leso nyekundu, kisha tubadilishe. Macho mawili yakitazama pamoja, jicho zima huificha kasoro ya mwenziwe.